Nukuu 140, lakini za lini?

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safu hii ya maswali ya wasomaji itashughulikia vipimo vya utafiti, na barua zimekuja kwa wingi. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mkutubi katika maktaba ya utafiti. Kazi yangu ya kila siku ni kuvuta data za nukuu kutoka kwenye kanzidata, kuzisafisha, kisha kukaa na mtafiti tuzisome pamoja. Nukuu hapa ni pale mtafiti anapoitaja kazi ya mwenzake kwenye orodha ya marejeleo yake.

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa kemia na mwaka huu naomba kupandishwa cheo. Fomu inanitaka nitaje kazi yangu moja "yenye mchango mkubwa zaidi" na nieleze kwa nini. Nina makala mbili za kuchagua. Ya 2008 inaeleza njia ya kupima metali kwenye maji na imenukuliwa mara 140. Ya 2018 inahusu kichujio cha kuondoa metali hizohizo na imenukuliwa mara 62. Wenzangu wote wanasema nipeleke ya 2008, maana 140 ni zaidi ya mara mbili ya 62. Moyo wangu uko kwenye ya 2018. Naambatanisha hesabu za kila mwaka hadi mwisho wa 2024. Jambo moja linanisumbua: ile njia ya 2008 bado inatumika sana, naiona kwenye makala za watu, lakini siku hizi wananukuu kitabu cha mbinu za maabara kilichoichukua. Mimi hawanitaji.

JIBU: Dada yangu, umefanya jambo ambalo waombaji wengi hawalifanyi: umeleta miaka. Jumla peke yake isingenisaidia kukujibu.

Tusome jedwali lako. Makala ya 2008 haikupata nukuu yoyote mwaka ilipotoka. Mwaka uliofuata ilipata 6, kisha 15, kisha 21, na 2012 ikafika 22, kilele chake. Tangu hapo haijapanda tena: 18, 14, 11, 9, 7, ikaendelea kuteremka mpaka ikabaki na nukuu mojamoja 2022, 2023 na 2024. Makala ya 2018 imekwenda hivi: 1, 3, 6, 9, 12, 14, 17. Haijashuka hata mwaka mmoja.

Wenzako wanalinganisha kazi yenye miaka 16 na kazi yenye miaka 6. Ni sawa na kumsimamisha kijana wa miaka 16 kando ya mtoto wa miaka 6, kisha kwa urefu wao tu ukaamua nani anakua vizuri. Zilinganishe zikiwa na umri mmoja. Chukua mwaka wa kuchapishwa na miaka 6 iliyofuata kwa kila makala. Hadi mwisho wa 2014 ile ya zamani ilikuwa na nukuu 96. Hadi mwisho wa 2024 hii mpya ina 62. Kwa hiyo hata kwa umri mmoja ya zamani iko mbele, ingawa pengo la 78 limekuwa 34. Najua hukutaka kulisikia hilo. Mjumbe makini wa kamati ataliona kwa dakika chache, na ni heri aliyesema kwanza awe wewe.

Kuna jambo jingine linaloipa nguvu makala ya zamani. Makala zinazochapishwa duniani zinaongezeka mwaka hadi mwaka, na orodha za marejeleo nazo zimerefuka. Nukuu zilizogawanywa 2024 ni nyingi kuliko zile za 2011, hivyo nukuu 17 za leo hazina uzito wa nukuu 17 za wakati ule. Njia ya haki ni kuilinganisha kila makala na rika lake, yaani makala nyingine za mada hiyohiyo zilizotoka mwaka huohuo. OpenAlex, kanzidata ya bure iliyofunguliwa 2022, inakuruhusu kuchuja kwa mwaka na kwa mada, kisha ukazipanga makala kwa idadi ya nukuu. Tafuta yako iko nafasi ya ngapi. Ukiweza kuandika kwamba imo ndani ya asilimia 10 ya juu ya rika lake, umesema jambo ambalo hata mjumbe asiye mkemia atalielewa.

Usijilinganishe na wastani peke yake. Katika kila fani makala chache hubeba nukuu nyingi mno, na zilizobaki hugawana chache. Mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price alieleza mwaka 1976 jinsi hali hii inavyojijenga: kazi iliyokwisha kunukuliwa huonekana zaidi, na kwa kuonekana hunukuliwa tena. Wastani unavutwa juu na hizo chache, kiasi kwamba makala nyingi nzuri huangukia chini yake.

Sasa tuangalie umbo la grafu. Makala nyingi za sayansi hupanda katika miaka ya mwanzo, hufika kilele, kisha huteremka polepole. Ya 2008 ilifika kilele mwaka wake wa nne, na mwaka wa sita ilikuwa imeshuka hadi 14. Hii ya 2018 mwaka wake wa sita imepata 17 na bado inapanda. Kilele chake hakijulikani, na usiwaahidi kamati kilele usichokiona.

Lakini kilichonishika zaidi katika barua yako ni kile kitabu cha mbinu. Nukuu zinaposhuka, grafu haisemi kwa nini. Huenda kazi imepitwa na nyingine bora. Huenda mada yenyewe imeachwa. Au huenda kazi imekubalika kiasi kwamba watu wanaitumia bila kuona haja ya kumtaja mwenyewe. Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia sana hili la mwisho: wazo linamezwa na maarifa ya kawaida, na jina la aliyelileta linafutika. Maelfu ya makala zinaandikwa kuhusu DNA bila kuigusa ile ya Watson na Crick ya 1953, na hakuna atakayesema makala ile imekufa.

Nimezifungua nukuu zako tatu za mwisho, za 2022, 2023 na 2024. Mbili ziko kwenye sehemu ya mbinu, na zote mbili zinasema kwa maneno yanayokaribiana kwamba vipimo vilifanywa kwa njia yako. Moja iko kwenye utangulizi, imebanwa katikati ya majina mengine sita. Hakuna anayekupinga, na hakuna anayesema njia imepitwa. Kisha nikazifungua nukuu 17 za 2024 za makala ya kichujio. Kumi na moja zinakijaribu kichujio chako au kukirekebisha. Nne zinakutaja tu kwenye msururu wa majina. Mbili ni zako mwenyewe. Hizo mbili zitoe kwenye hesabu kabla hujaipeleka, ueleze kwamba umezitoa, na ufanye vivyo hivyo kwa miaka mingine yote ya makala zote mbili.

Mimi ningepeleka ya 2008, na wala nisingeitegemea ile 140. Nenda kwenye nukuu za kile kitabu. Chuja zile zinazotaja sura yenye njia yako, zisome, uhesabu ni maabara ngapi zinaitumia leo. Orodha hiyo fupi, pamoja na ukurasa wa kitabu unaokutaja kama chanzo, ndiyo ushahidi kwamba kazi ya 2008 inaendelea kufanya kazi baada ya mstari wake kwenye grafu kulala. Makala ya kichujio iwekee sentensi mbili chini yake, na grafu yake ndogo. Itakuwa na zamu yake kwenye ombi lijalo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Makala yangu ya kwanza ilitoka 2019 na hadi sasa ina nukuu 2. Msimamizi wangu amesema mbele ya wenzangu kwamba makala ambayo haikunukuliwa ndani ya miaka mitano imekufa. Nataka kujua kama hilo ni kweli, maana nimeanza kuona aibu kuiweka kwenye wasifu wangu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iweke kwenye wasifu wako, juu kabisa kama ndiyo kazi yako bora.

Msimamizi wako anasema jambo ambalo ni kweli kwa makala nyingi na si kweli kwa zote, na hizo chache zina uzito mkubwa. Gregor Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Miaka 34 ilipita karibu bila kuguswa, mpaka mwaka 1900 wataalamu wa mimea walipofikia matokeo yaleyale na kugundua kwamba ametangulia. Makala ya Einstein, Podolsky na Rosen ya 1935 kuhusu misingi ya fizikia ya kwanta ilikaa miongo kadhaa na nukuu chache kuliko umaarufu wa waandishi wake, kisha katika miaka ya 1990 mstari wake ukapanda ghafla. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 makala iliyoeleza namna ya kuibadilisha mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie. Wakati ule ni wachache waliogeuka kuitazama. Chanjo za UVIKO-19 za mRNA zilijengwa juu yake, na mwaka 2023 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Mwaka 2004 Anthony van Raan aliziita makala za namna hii warembo waliolala, na mwaka 2015 watafiti wengine walizisaka ndani ya makala milioni 22. Walichokikuta kinakuhusu. Nyingi za makala zilizoamka kwa kishindo ziliamshwa na watu wa fani nyingine kabisa: jambo lililoandikwa na wanafizikia likaja kuhitajiwa na wanakemia, la wanatakwimu likahitajiwa na wanabiolojia. Kwa hiyo ukimya wa wenzako wa fani hauonyeshi kazi yako itahitajiwa na nani.

Sitakudanganya kwamba kila makala iliyonyamaza itaamka. Nyingi hazitaamka, na hakuna kipimo cha miaka mitano ya mwanzo kinachoweza kuzitenga hizi na zile. Ndiyo maana neno "imekufa" halifai kutamkwa juu ya kazi ya mwaka 2019.

Lililo mikononi mwako ni hili. Hakikisha atakayeihitaji anaweza kuipata. Je, ina DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, na ukibofya inafunguka? Jina lako limeandikwa namna moja kwenye kazi zako zote, au mahali pengine wameanza na la ukoo? Kama hujajisajili ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti mmoja na kazi zake, jisajili leo, ni bure. Mkataba wa jarida ukiruhusu, weka nakala ya wazi kwenye hazina ya chuo. Kisha soma ikisiri yako kwa macho ya mtu wa fani nyingine: je, tatizo ulilolitatua limetajwa kwa maneno ambayo yeye angeyaandika akitafuta? Nimeona makala nzuri ambazo ikisiri zake zimejaa istilahi za watu kumi na hazina hata neno moja la tatizo lenyewe. Makala ya hivyo haitafutiki.

Kisha zisome hizo nukuu 2. Zote mbili, sentensi kwa sentensi. Ni nani hao, na walikuhitaji kwa lipi? Mmoja wao anaweza kuwa mtu wa kumwandikia barua.

SWALI: Google Scholar inanipa h-indeksi ya 14, Scopus inanipa 9. Ipi inadanganya?

JIBU: Hakuna inayodanganya. Kipimo hicho, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, maana yake ni hii: una 14 ukiwa na makala 14 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 14. Jibu linategemea nukuu zipi zimehesabiwa. Google Scholar inakusanya karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma: tasnifu, vitabu, ripoti, miswada isiyopitiwa bado, na wakati mwingine nakala mbili za kazi moja. Scopus inachagua majarida na vitabu inavyovisoma, na uteuzi huo unawaumiza wanaoandika vitabu na wanaochapisha kwa lugha nyingine zisizo Kiingereza. Taja zote mbili, kila moja na jina la chanzo na tarehe uliyoichukua. Usichukue 14 yako ukaiweka kando ya 11 ya mwenzako iliyotoka Scopus.

Na kumbuka kwamba h-indeksi haishuki. Mtu aliyeacha utafiti miaka 20 iliyopita bado anaweza kuiona ikipanda kwa kazi zake za zamani. Hirsch mwenyewe alipendekeza igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza, na ukiwalinganisha watu wa rika tofauti, angalau fanya hivyo.

SWALI: Niko kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Ili kuokoa muda tunaangalia miaka mitano ya karibuni tu, na kila makala tunaipa alama kwa kigezo cha athari cha jarida ilikochapishwa. Baadhi ya wajumbe wanaona hii ni haki kwa wote kwa sababu kanuni ni moja. Unasemaje?

JIBU: Ndugu mjumbe, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kikao, na nitasema wazi: kanuni hiyo inawaonea watu, na nimewaona walioumizwa na kanuni kama hiyo.

Anza na hicho kigezo cha jarida. Cha mwaka 2024 hupatikana kwa kuchukua nukuu zilizotolewa ndani ya 2024 kwa vitu jarida lilivyochapisha 2022 na 2023, kisha kuzigawanya kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio zilizotoka miaka hiyo miwili. Eugene Garfield, aliyependekeza faharasa ya nukuu za sayansi mwaka 1955, alikitengeneza na mwenzake ili kiwasaidie kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa hiyo, na wakutubi tukakitumia kuamua majarida ya kununua. Kwa kazi hiyo kinafaa. Kwa makala moja moja hakifai, kwa sababu ni wastani, na ndani ya jarida lolote makala chache ndizo zinazoubeba. Mwombaji wenu anaweza kupewa alama kubwa kwa nukuu za watu wengine waliochapisha jarida moja naye, wakati nukuu zake mwenyewe mnazo mezani.

Tena dirisha ni miaka miwili. Mwanahisabati, ambaye kazi yake huanza kunukuliwa polepole na kuendelea kwa miongo, anapimwa kabla fani yake haijafungua makala. Mwanahistoria vivyo hivyo, na nukuu zake nyingi ziko ndani ya vitabu. Mtu wa biolojia ya molekuli anapata nukuu nyingi ndani ya muda huohuo. Mkiwapa wote watatu kanuni moja, mnachopima ni kasi ya fani zao.

Miaka mitano ya karibuni ina tatizo jingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016 ulifuatilia kazi za wanasayansi wengi na kukuta kwamba makala ya mtu iliyonukuliwa kuliko zake zote inaweza kuwa ya kwanza, ya mwisho, au yoyote ya katikati, kwa uwezekano uleule. Mkikata miaka mitano, kwa baadhi ya waombaji mmeitupa nje kazi kubwa ya maisha yao. Na makala zilizobaki ndani ya dirisha ni changa, hazijapata muda wa kunukuliwa, kwa hiyo mnaamua kwa data iliyo dhaifu kuliko zote.

Wala msidhani nukuu nyingi ni sifa njema kila mara. Makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, na wengi wa walioinukuu walikuwa wakiikanusha. Kwa upande mwingine, makala ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951 ilikuwa imepita nukuu 300,000 kufikia 2014, nayo inaeleza namna ya kupima protini. Ni kazi ya manufaa makubwa, lakini namba hiyo inaonyesha ni maabara ngapi ziliihitaji. Kiwango cha ugunduzi wake hakimo ndani ya namba hiyo.

Tayari mnao msingi wa kusimamia mkitaka kubadilisha kanuni. Azimio la San Francisco la 2012 linataka kigezo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja, na Ilani ya Leiden ya 2015 inataka namba zisaidie hukumu ya wataalamu, zisichukue nafasi yake. Wapelekeeni wajumbe nakala.

Kwa kikao chenu cha sasa, fanyeni hivi. Kila mwombaji alete kazi tatu anazozichagua mwenyewe, za mwaka wowote. Kwa kila moja alete grafu ya nukuu kwa mwaka, nukuu zake mwenyewe zikiwa zimetolewa, na nafasi ya makala hiyo miongoni mwa za fani na mwaka uleule. Aongeze sentensi tatu alizozikuta ndani ya makala zilizomnukuu, zinazoonyesha wenzake waliitumiaje kazi yake. Mjumbe mmoja wa fani hiyo, au mtaalamu wa nje, asome kazi zenyewe. Itawachukua muda mrefu kuliko kujumlisha alama. Mkutubi wenu anaweza kuwaandalia grafu na nafasi hizo, mradi mumpe orodha ya waombaji wiki kadhaa kabla.